Andika Unachokiona, Tagi Unachokijua: Kujitolea Kunukuu Nyaraka za Kale Mtandaoni

Maktaba na hifadhi kubwa za nyaraka zimepiga picha mamilioni ya kurasa zilizoandikwa kwa mkono: barua, shajara, vitabu vya hesabu, mafaili ya pensheni za askari. Picha zipo mtandaoni na yeyote anaweza kuzifungua, lakini kompyuta haioni maneno yaliyomo. Ukitafuta jina la mtu aliyetajwa katika mstari wa tano wa barua ya 1845, hutalipata mpaka mtu mwingine awe ameshaisoma barua hiyo na kuichapa. Kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, popote walipo. Haitaki shahada wala barua ya maombi. Inataka Kiingereza cha kusoma (nyaraka nyingi ziko katika lugha hiyo), kibodi na subira.

Kuna kazi mbili hapa, na wageni wengi huzichanganya. Kunukuu ni kuchapa maandishi ya ukurasa herufi kwa herufi, bila kusahihisha na bila kuongeza neno. Kutagi ni kubandika maneno ya kutafutia: majina ya watu, mahali, vitu na matukio yanayotajwa. Katika kunukuu huruhusiwi kujua zaidi ya karatasi inavyosema. Katika kutagi, ujuzi wako ndio unaotakiwa. Makosa mengi katika kazi hii yanatokana na kuvuka mpaka huo.

Chagua mahali pamoja kwanza

Miradi mitatu ya Marekani inamfaa anayeanza. Maktaba ya Bunge ina By the People, iliyoanza 2018, kwenye crowd.loc.gov. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo inakuwezesha kunukuu, kutagi na kuacha maoni ndani ya katalogi yake, catalog.archives.gov. Taasisi ya Smithsonian ina kituo chake cha unukuzi, transcription.si.edu, ambako zimenukuliwa pia kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia watu waliotoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1865.

Usijiunge na yote wiki moja. Kila mradi una alama zake, na ukizichanganya mhakiki atalazimika kuanza upya. Neno lisilosomeka kwa By the People ni [?]. Kwa Smithsonian ni [[?]], mabano mawili mawili. Kwa Hifadhi ya Taifa huandikwa [illegible]. Zoea mradi mmoja kwa kurasa ishirini au thelathini ndipo uonje mwingine.

Hatua zinazofuata tunazieleza kwa By the People, kwa kuwa ndiyo yenye mpangilio unaomlinda mgeni: kila ukurasa lazima upitiwe na mtu wa pili kabla haujahesabiwa kuwa umekamilika. Kunukuu unaweza hata bila akaunti. Kuhakiki na kutagi kunataka akaunti, ambayo ni bure.

Vifaa na mipangilio

Kompyuta mpakato inafaa kuliko simu, kwa sababu unahitaji picha upande mmoja na kisanduku cha kuandikia upande wa pili. Kwa simu inawezekana, ila kibodi itakufunika nusu ya ukurasa na utakuwa unasoma kwa kukariri. Kukariri huzaa makosa.

Kabla hujagusa ukurasa wowote, zima mambo mawili. La kwanza ni usahihishaji wa maneno wa kiotomatiki. Mwandishi wa 1820 aliandika "shew", "compleat", "to-day", na kibodi yako itayageuza yote kuwa Kiingereza cha leo bila kukuuliza. La pili ni tafsiri ya kiotomatiki ya kivinjari. Ukikubali ukurasa ufasiriwe kwa Kiswahili, vitufe vitageuka majina ya ajabu, na unapohakiki kazi ya mwenzako hutajua kama unachosoma ni maneno yake au ya mashine.

Kwa wanaotumia bando: picha hizi hupakuliwa vipande vipande kadiri unavyokuza. Kila ukikuza na kurudisha, vipande vingine vinashuka. Kuza mara moja hadi mistari minne au mitano ijae kwenye kioo, kisha sogeza picha juu chini. Umeme na mtandao vikiwa vya kubahatisha, hifadhi kila baada ya mistari kumi. Ukitaka kuandika kwanza pembeni, tumia programu nyepesi ya maandishi matupu. Programu kubwa za kuchapia barua hubadilisha alama za kunukuu ziwe za kupinda, na mstari wako wa kwanza wa herufi ndogo utaukuta umeanza na herufi kubwa.

Ukurasa mmoja, mwanzo hadi mwisho

Fungua kampeni (fungu la nyaraka zilizotolewa pamoja ili zinukuliwe), chagua mada, kisha chagua ukurasa ambao haujaanzwa. Mgeni afadhali achukue barua ya ukurasa mmoja au miwili yenye mwandiko mpana. Shajara za mfukoni zilizoandikwa kwa penseli ziache kwanza.

Usianze kuchapa. Soma ukurasa wote mara moja, hata kama nusu yake huielewi. Tafuta tarehe, mahali, jina la anayeandikiwa na sahihi. Vitu vinne hivyo huwa na herufi kubwa, na ndivyo vitakavyokupa alfabeti ya mwandishi huyo. Ukijua barua imetoka "Salem", umeshajua S yake, l yake na m yake.

Kisha chapa mstari kwa mstari, ukifuata mistari ya karatasi yenyewe. Neno likikatwa mwisho wa mstari, nusu huku nusu kule, liandike zima kwenye mstari lilikoanzia. Neno lililoongezwa juu kwa kialama liingize mahali mwandishi alipotaka lisomwe, bila alama yoyote. Neno lililokatwa kwa kalamu lakini linasomeka, litie ndani ya mabano ya mraba. Maandishi ya pembezoni yaweke kati ya [* na *]. Neno unalolihisi bila uhakika liandike na alama ya kuuliza ndani ya mabano, kwa mfano [cloves?]. Usilolisoma kabisa, [?] na uendelee. Maneno yaliyopigiwa mstari au kukolezwa yaandike kawaida. Vifupisho usivirefushe: "Wm" inabaki "Wm" hata kama unajua ni William. Kosa la tahajia libaki kosa.

Ukurasa usio na neno lolote una kisanduku chake cha kutia tiki kwamba hakuna cha kunukuu. Usiandike maelezo ya picha wala ya doa la wino.

Ukimaliza, hifadhi, kisha soma kutoka chini kwenda juu, mstari mmoja mmoja, ukilinganisha na picha. Ukisoma kutoka juu, akili hujaza maneno yanayotarajiwa. Ukisoma kutoka chini inabidi uangalie kilichopo. Hapo ndipo utagundua umeruka mstari mzima, na kosa hili ni la kawaida kuliko yote: mistari miwili ikianza na neno lilelile, jicho huruka wa kwanza na kutua wa pili. Ukiridhika, wasilisha kwa uhakiki.

Usiposhika kitu kwa muda mrefu, mfumo hukuondolea ukurasa na kumpa mwingine. Usifungue ukurasa kisha ukaenda kupika.

Mwandiko

Kwa waliozoea kusoma herufi za chapa, mwandiko wa kuunganisha wa karne ya 18 na ya 19 unatisha kwa saa mbili za kwanza. Baada ya hapo shida hubaki kwenye mambo machache yanayojirudia.

S ndefu, iliyofanana na f isiyo na kistari cha katikati, hutokea mwanzoni na katikati ya neno. "Congreſs" husomwa na wageni kama "Congrefs", na "bleſsing" kama "blepsing", maana s mbili zilizofuatana huonekana kama p. Ichape s ya kawaida. S hii ilififia katika chapa karibu na 1800, lakini katika mwandiko wa mkono iliendelea miongo kadhaa, hasa kwenye s mbili.

Herufi kubwa zinazogombana ni L na S, T na F, I na J. Usizikisie kutokana na neno moja. Tafuta neno lingine kwenye ukurasa huo huo ambalo huna shaka nalo, linganisha kitanzi cha juu na mkia, kisha amua. Jina la mtu likitokea mara tatu, soma lile lililoandikwa vizuri zaidi, lakini uchape kila moja lilivyoandikwa. Watu wa zama hizo waliweza kuandika jina la jirani yao kwa namna tatu ndani ya barua moja.

"Yr obt Servt" mwishoni mwa barua si fumbo, ni salamu ya kufungia. "Inst." ni mwezi huu, "ult." ni mwezi uliopita: barua ya Machi inayotaja "3d inst." inasema tarehe 3 Machi. "Do" katika orodha ya bidhaa si kitenzi, ni ishara ya "kama juu". Yote haya yachape yalivyo. Maana tunazitaja ili usipotee, si ili uziandike.

Barua iliyoandikwa mara mbili juu ya karatasi moja, mistari ya pili ikikatiza ya kwanza kwa pembe ya mraba, ilikuwa njia ya kubana karatasi na gharama ya posta. Nukuu mistari ya wima kwanza au ya mlalo kwanza, kwa kufuata mtiririko wa maana, na utumie kitufe cha kuzungusha picha. Wino uliopenya kutoka nyuma unautambua kwa kuwa herufi zake zimegeuka kama kwenye kioo. By the People wana vichujio vya picha: kugeuza weusi kuwa weupe husaidia penseli iliyofifia kuliko kukuza.

Kuna kitufe cha kuifanya mashine isome maandishi. Kitumie kwa kurasa zilizopigwa chapa, kisha sahihisha. Kwa mwandiko wa mkono tahadhari, na hata zaidi kwa programu za akili unde za nje: kosa la binadamu aliyechoka huonekana kuwa kosa, bali mashine hubuni neno safi lenye maana, na mhakiki analipita bila kulishuku.

Majedwali ya hesabu yanukuu kwa safu za mlalo, ili jina likae na kiasi chake. Ukishuka kwa safu wima utapata orodha ya majina juu na lundo la tarakimu chini, na hakuna atakayejua nani alidaiwa nini.

Kutagi: hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapohitajika

Marekani na Sultani Said wa Omani na Zanzibar walitia saini mkataba wa biashara 1833, na konseli (balozi mdogo) wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alifika Zanzibar 1837. Tangu hapo barua za makonseli zilikwenda Washington mfululizo, na zile za 1836 hadi 1906 ziko kwenye mikrofilamu ya Hifadhi ya Taifa yenye namba T100. Andika Zanzibar kwenye kisanduku cha kutafutia cha katalogi, kisha chuja matokeo yabaki yenye picha. Jaribu pia Zanzebar, kwa kuwa makarani wa enzi hizo waliandika walivyosikia, na Muscat, yaani Maskati ya Omani.

Tuseme umefungua ukurasa wenye mstari kama huu, ambao tumeutunga kwa mfano:

*Recd pr Dhow from Lamoo 40 frasilahs Gum Copal in exchange for Domestics*

Unukuzi wake ni mstari huohuo, pamoja na "Recd", "pr" na "Lamoo". Usiandike Lamu. Usiandike "received". Sasa njoo kwenye tagi. Mtu wa Ohio mwenye nia njema anaweza kutagi "Domestics" kama watumishi wa nyumbani. Msomaji wa pwani anajua kwamba kilichobadilishwa na sandarusi (ndiyo hiyo gum copal) ni vitambaa vya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, yaani merikani. Tagi zinazofaa ni: Lamu, gum copal, cotton cloth, merikani, dhow. Frasila nayo itagi, kwani ni kipimo, karibu ratili 35 au kilo 16, na mtafiti wa biashara ya pembe atakitafuta kwa jina hilo.

Mahali patagi kwa jina la leo, hata kama karatasi ina la zamani: Mombas ni Mombasa, Quiloa ni Kilwa, Monfia ni Mafia, Brava ni Barawa, Majunga ni Mahajanga. Kwa kuwa jina la zamani tayari limo kwenye unukuzi, anayetafuta lolote kati ya mawili ataufikia ukurasa. Ukurasa usio na unukuzi bado, tagi majina yote mawili.

Kwa watu uwe mkali zaidi. "The Imaum" katika barua za miaka ya 1830 kutoka Zanzibar au Maskati kwa kawaida ni Sayyid Said, na unaweza kumtagi. "The Custom Master" wa Zanzibar wakati huo alikuwa Jairam Shivji, aliyekodi ushuru wa forodha, lakini angalia tarehe kwanza: cheo kilibaki, mtu alibadilika. "The Banyan" bila jina ni mfanyabiashara Mhindi fulani, usimbatize. "Dollars" vilevile usiikimbilie kuitagi kama dola ya Marekani, maana pwani ilitumia reale za Maria Theresa na za Kihispania, na mwandishi asipotaja ni zipi, acha.

Tagi moja ibebe jambo moja. "Zanzibar clove trade 1840s letter from consul" haitafutwi na yeyote, igawe. Usitagi maoni kama "very interesting". Usitagi kitu kisichokuwamo ukurasani kwa sababu tu kimo kwenye faili, na angalia tagi yako inaingia wapi, kwenye ukurasa mmoja au kwenye kumbukumbu nzima. Kabla ya kuongeza, tazama zilizopo: kama mwenzako ameshaandika "ivory trade", "ivory trading" yako inagawa matokeo mara mbili bila faida. Kiingereza kitangulie kwa kuwa watafutaji wengi watatumia hicho, kisha ongeza neno la Kiswahili pale ambapo ni jina halisi la kitu: sandarusi, merikani, jahazi. Tagi ni maneno huru, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyaacha.

Utakutana na biashara ya watumwa, bei za watu zikiwa zimepangwa pamoja na bei za ng'ombe, na matusi ya rangi yaliyoandikwa kama maneno ya kawaida. Kwenye unukuzi hayalainishwi wala hayafichwi kwa nyota. Kwenye tagi hayarudiwi. Tumia "slave trade", na majina ya watu hao kila yanapotajwa, kwa sababu mara nyingi ukurasa huo ndio pekee ulioyahifadhi. Ukurasa ukikuzidi, ufunge uchukue mwingine.

Kuhakiki kazi ya wengine

Baada ya kurasa kumi hivi ingia kwenye uhakiki. Ni shule bora kuliko maelekezo yoyote, kwani unaona mwandiko na jibu kwa pamoja. Kwa By the People huwezi kuhakiki ulichonukuu mwenyewe. Anza na mahali panapokosewa: tarehe, tarakimu (1 na 7, 3 na 5, 0 na 6), majina ya mahali, mstari wa mwisho kabisa. Kisha hesabu mistari ya picha na mistari ya unukuzi. Ikipishana, kuna kilichorukwa.

Ukiona [?] na wewe unalisoma neno, lijaze. Ukiona neno lililojazwa nawe hulioni, usilifute kwa ukaidi. Ongeza alama ya kuuliza ndani ya mabano. Kama kila kitu kiko sawa, kubali. Usibadilishe mambo ya ladha, kama nafasi kati ya aya, kwa sababu kila mabadiliko huurudisha ukurasa kwenye foleni ya kusubiri mhakiki mwingine. Kurasa nyingi hukwama hapo, zimeshanukuliwa ila hazijapata jicho la pili, kwa hiyo mwenye saa moja tu kwa wiki ataisogeza kampeni zaidi kwa kuhakiki kuliko kuanza ukurasa mpya.

Katika katalogi ya Hifadhi ya Taifa hakuna hatua ya namna hiyo: yeyote aliyejisajili anaweza kuboresha kilichoandikwa na mwenzake. Ukirudi baada ya mwezi ukakuta neno lako limebadilishwa, fungua picha kwanza kabla ya kulirudisha.

Wanafunzi wanaohitaji uthibitisho wa kujitolea wafungue akaunti kabla ya ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kazi iliyofanywa bila akaunti haiingii kwenye wasifu wa mtu yeyote. Wasifu unaonyesha ulichochangia, si saa ulizokaa. Saa ziandike mwenyewe, pamoja na jina la kampeni na anwani ya kila ukurasa.